Gari la Kwenda Thelujini

Mimi haibridi sizipendi. Na nasema hivyo nikiwa nimezipasua nyingi kuliko hao wanaozisifu. Huu ni mwaka wa kumi na nne niko Jeddah, kwenye warsha ya magari kule Al-Mahjar, na kila joto likipanda ni yale yale. Mtu anakuja na gari linalong'aa, juzi tu alikuwa akiringa nalo, leo dashibodi imewaka taa utafikiri kuna harusi. Nang'oa kiti cha nyuma, natoa ile betri kubwa, nakuta kifeni chake kimekabwa na vumbi, na betri yenyewe imeokwa. Mwenye gari anasimama juu ya kichwa changu ananiuliza kwa nini. Kwa nini? Kwa sababu ulitaka injini mbili, ya petroli na ya umeme, katika mji ambao hata injini moja hauihurumii! Simwambii hivyo, maana kafili wangu, ambaye ndiye bosi wa warsha, anataka wateja wachekewe. Namwambia mafi mushkila, hamna tabu, rudi Alhamisi.

Basi nifikirie mimi, mtu mwenye chuki hiyo, nimelala chini ya gari, oili inanidondokea shingoni, simu inalia. Ni mdogo wangu wa kike kutoka Riyadh. Ananiambia anataka kununua haibridi.

"Ya kuendesha Riyadh?"

"Hapana, kaka. Kanada. Kwenye theluji."

"Theluji gani?"

"Ile nyeupe," akasema. "Ya kwenye picha."

Nikajua ananicheza shere, na nikajua pia kwamba hatanii. Huyo ndivyo alivyo tangu mdogo: jambo zito hulileta kwa kicheko ili ukikasirika uonekane wewe ndiye mbaya. Nikatoka chini ya gari, nikajifuta, nikamwambia aniambie lote tangu mwanzo.

Dadangu ni muuguzi. Alikuwa na mwaka wa sita katika hospitali moja ya Riyadh, na kazi hiyo nilimtafutia mimi. Baba yetu alifariki Mombasa yeye akiwa darasa la tano, nami ndiye niliyekaa mahali pa baba. Nilimsomesha, nilimsindikiza kupata pasipoti, nilimpokea uwanja wa ndege. Kwetu sisi hakuna anayesafiri mpaka niseme neno, na hakuna anayenunua kitu chenye injini mpaka nikisikilize. Mjomba na pikipiki yake, jirani na jenereta yake, wote hupiga simu. Wananiwekea simu karibu na injini huko Mombasa, mimi niko Jeddah nimeziba sikio la pili kwa kidole, nasikiliza, nasema chukua au acha. Sijawahi kukosea. Mama hujisifu kwa hilo sokoni.

Sasa huyu binti alikuwa amepata kazi Kanada, katika mji mdogo ambao theluji hukaa karibu nusu ya mwaka. Kazi yenyewe ni kuzunguka majumbani kuwafunga vidonda na kuwapa dawa wazee wasioweza kutoka. Mkataba ulisema wazi: muuguzi awe na gari lake tangu wiki ya kwanza. Huna gari, huna kazi. Na gari lilikuwepo. Muuguzi mwenzake, Mkenya aliyefanya naye kazi Riyadh, alikuwa ametangulia huko na mumewe, na sasa wanahamia mji mwingine na wanauza gari lao. Haibridi. Kuna mtu mwingine analitaka, kwa hivyo dadangu ajibu kabla ya Ijumaa kwisha.

Jambo lote likawa mikononi mwangu. Nikisema nunua, anakwenda. Nikisema usinunue, mama hatoi radhi, na bila radhi ya mama yule mtoto hapandi ndege.

Nami sikutaka aende. Niliseme hapa kwa sababu wakati ule sikulisema. Riyadh ni mbali, lakini ni mbali ya basi. Ukiugua naja. Ukikosana na watu wa hospitali najua mtu wa kumpigia. Kanada ningekuja na nini? Nilichukia ule mji wao hata kabla sijaujua jina. Nikamchukia na yule rafiki yake, na mumewe, na nikalichukia gari zaidi, kwa sababu gari ndilo pekee nililokuwa na haki ya kulitukana.

"Nasema hapana," nikamwambia.

"Hujaliona hata picha!"

"Maiti haihitaji picha."

Akakata simu.

Ikawa bahati, au balaa, kwamba wiki hiyo hiyo bosi alikuwa na mteja aliyehamia Riyadh na gari lake limebaki kwetu. Lilikuwa haibridi pia. Lilikuja likichemka, nami nikalitengeneza. Bosi akaniambia nilipeleke mwenyewe. Nikaona Mungu amenipa nafasi ya kwenda kumnyoosha mtoto ana kwa ana.

Hapa nieleze namna tunavyotengeneza gari linalochemka. Kwenye njia ya maji ya kupozea injini kuna kifaa kidogo, kimezidi kidogo tu kifuniko cha chupa, kinaitwa themostati. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta, mahali yanapopozwa, mpaka injini ipate moto. Kwetu sisi watu wa joto, kifaa hicho ni adui. Kikikwama kimefunga, injini imekwisha. Kwa hivyo tunakitoa, tunakitupa, maji yazunguke wakati wote, halas. Fundi aliyenifunza Mombasa alikuwa anakitoa hata kwenye gari zima, kabla halijaugua. Kafili wangu akisikia gari limechemka haulizi, anasema tu, "Toa, yalla." Nimezitoa nyingi sana, na hakuna gari hata moja lililonirudia likichemka. Hiyo ndiyo sifa yangu Al-Mahjar. Na gari lile la Riyadh nalo nililitoa themostati, siku mbili kabla ya safari, kwa mkono huu.

Nikaendesha kutwa nzima. Na gari, lilaaniwe, lilikwenda vizuri. Kimya, limetulia, petroli halinywi. Nilizidi kukasirika kila nilipotazama kipimo cha mafuta.

Asubuhi nikamfuata nje ya nyumba wanazokaa wauguzi. Ilikuwa Januari, na Riyadh mwezi huo si mchezo. Watu wa pwani wa Jeddah hatujui baridi ile. Upepo ulikuwa unapita ndani ya jaketi langu kana kwamba sikuvaa kitu. Yeye alikuwa ametoka zamu, macho mekundu, amebeba chupa ya chai ya tangawizi na mfuko wa mahamri aliyoyapika mwenyewe. Akaingia garini, akanibusu mkono kama desturi yetu, kisha akaweka vidole kwenye matundu ya hewa.

"Washa hita, kaka."

"Imewaka."

Akangoja. Akageuza kitufe mpaka mwisho. "Mbona yapuliza hewa ya mgonjwa? Hata uvuguvugu haifiki."

Nilifurahi mpaka nikajipiga paja. "Umeona? Umeona mwenyewe? Hizo ndizo haibridi zako! Riyadh tu hapa, jua limeshachomoza, na haiwezi kukupasha vidole. Sasa ipeleke kwenye theluji yako."

Nilijua nimetoa themostati kwenye gari lile. Nilijua pia hita haipashi. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu siku nzima kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Wala sikuyauliza yana undugu gani.

Yeye alinimiminia chai kwanza, akanipa hamri, halafu akatoa daftari. Daftari! Alikuwa ameandika maswali yote niliyoweza kuuliza na majibu yake. Nikaanza kumshambulia.

Nikasema betri hulala kwenye baridi, kama simu ukiiacha kwenye friji. Akasoma: hupungua nguvu, ndiyo, lakini haifi, na ndiyo inayowasha injini, kwa hivyo asubuhi gari huwaka upesi kuliko mengine.

Nikasema hiyo petroli unayotaka kuiokoa hutaiokoa, kwa sababu kwenye baridi injini itanguruma wakati wote ili kutafuta moto. Akasema kweli, wakati wa theluji faida ni ndogo, faida kubwa huja kiangazi, na rafiki yake hakumficha.

Nikasema gari ni fupi, theluji italimeza. Akasema kule dawa ni matairi, kuna matairi ya theluji, lazima uyavae kila msimu, na hayo yanakuja na gari. Kuna na waya wa umeme unaochomeka nyumbani kabla ya kulala ili injini isigande.

"Na hita?" nikamuuliza, nimemwekea mtego.

"Anasema inachoma. Anasema huvua koti akiendesha."

"Rafiki yako anauza! Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, hujui? Ulitaka akwambie gari lake ni friza?"

"Ameliendesha misimu mitatu, kaka. Na mtoto nyuma."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nikamwambia. Nilikuwa nimeishiwa hoja, na mtu akiishiwa hoja hukimbilia methali.

Akafunga daftari. "Na anayesikia?"

"Anayesikia hufika salama."

Akanywa chai yake kidogo kidogo, akitazama mbele. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Wewe theluji umeiona wapi?"

"Mimi?"

"Wewe, fundi."

"Na wewe umeiona wapi?"

"Sijaiona. Ndiyo maana nawauliza wanaoishi nayo."

"Basi mimi waniuliza nini?"

"Sikuulizi. Nahitaji useme ndiyo ili mama anipe radhi. Hilo tu."

Ebo! Mtoto niliyemfunga kamba za viatu! "Kwa hivyo mimi ni muhuri," nikasema. "Mnanileta kugonga karatasi."

"Leo, ndiyo," akasema. Machozi yalikuwa yameshamlenga lakini hakuyaacha yatoke. "Nimechoka kuomba ruhusa, kaka. Nina miaka thelathini na mbili. Wagonjwa wananikabidhi roho zao, na mimi siwezi kununua gari."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia hana shukrani. Nilimwambia akafe huko na theluji yake na asinitafute. Akashuka, akafunga mlango taratibu, na ile taratibu ndiyo iliyoniuma zaidi, maana mimi ningeubamiza. Mfuko wa mahamri aliuacha kitini. Nikampelekea mteja gari lake, nikapanda basi la kurudi Jeddah, na yale mahamri nikayala yote njiani. Hasira haizuii njaa.

Alhamisi akapiga mama.

"Mwenzio analia," akasema.

"Mwache alie."

"Sawa. Ulipoondoka wewe kwenda huko Uarabuni, mimi nililia mwezi mzima. Nani alikuzuia?"

Kisha mama akaniambia nisali, nifikirie, na kesho nimpe jibu moja tu, la heri.

Ijumaa baada ya swala nikampigia dadangu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ninayokaa, Al-Hindawiyah, kanzu bado mwilini. Nikamwambia haya, nunua. Akaanza kulia, sasa kweli. Ingekuwa heri ningekata simu hapo hapo, nikanyanyuka, nikaenda kula. Lakini mimi nitakuwaje nimeshindwa bure? Nilitaka mkono wangu uwemo ndani ya lile gari. Nilitaka kule mbali aendeshe kitu nilichokiamuru mimi.

"Lakini kwa sharti," nikasema. "Kabla hujaligusa, litolewe themostati."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Litakuchemkia njiani, uko peke yako, nani atakusaidia? Likitolewa hiyo, halichemki maisha."

"Haya, kaka," akasema. Hakuuliza tena. Wallahi siku ile ningemwambia alipake gari masizi angelipaka.

Yule mume wa rafiki yake alikuwa anajuajua ufundi kidogo, ana spana zake nyumbani. Tukaunganishwa kwa simu. Kijana mstaarabu sana, ananiita kaka katika kila sentensi, na hilo nalo liliniudhi.

"Kaka, samahani," akasema, "huku hii kitu hatutoi. Huku shida si injini kuchemka, ni kupata moto. Na hita yenyewe, kaka, inategemea..."

"Umefanya kazi ya injini miaka mingapi?"

"Mimi si fundi hasa, kaka, mimi ni wa stoo, lakini..."

"Mimi, Jeddah peke yake, kumi na minne. Toa."

Nikasikia mtoto wao akicheza nyuma. Kisha akasema, "Nitamuuliza mwenye gari." Akamuuliza dadangu, na dadangu akamjibu: fanya kama kaka alivyosema. Akatoa.

Mama akatoa radhi. Mwezi wa pili mtoto akaondoka, akapita Jeddah saa tatu tu za kubadilisha ndege, nikamkumbatia uwanjani na kumwambia avae vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya theluji nilijisikia mwepesi. Kwenye warsha nikawasimulia wenzangu kwamba dadangu yuko Kanada anaendesha gari nililolitengeneza mimi nikiwa nimekaa kwenye ngazi.

Wiki ya kwanza akapiga. "Kaka, kuna taa ya injini imewaka."

"Taa hizo ni za kutishia watu wapeleke pesa gereji. Ziba na karatasi."

Wiki ya pili: "Kaka, ndani kuna baridi. Hita haipashi kabisa."

"Si nilikwambia? Haibridi hiyo! Vaa makoti mawili. Ulitaka Kanada, Kanada ndiyo hiyo."

Hakupiga tena kwa ajili ya gari. Mwezi wa tatu alinyamaza siku nyingi, kisha akatuma ujumbe kwamba alikuwa na homa, sasa hajambo. Baadaye akaniambia gari ameliuza, kwa sasa anachukuliwa na mwenzake wa kazini. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilizunguka warsha nzima nikitangaza: haibridi ya dadangu haikumaliza hata msimu mmoja! Nilimwambia bosi, nilimwambia muuza chai, niliwaambia wateja wenye haibridi zao wamesimama pale pale. Nikampigia mama pia. Nilikwambia mimi, mama. Mama akaguna.

Mwaka ukapita na miezi juu yake. Kisha dadangu akaja kufanya umra.

Alipomaliza Makka akaja kwangu Al-Hindawiyah, kwenye chumba changu kimoja na kiukumbi. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki, nimepiga deki, nimetandika shuka mpya. Alikuwa amenenepa kidogo, uso umetulia. Akavua viatu mlangoni, akaingia na soksi.

"Soksi?" nikamwambia. "Jeddah hii? Watu wanatamani kuvua ngozi, wewe umevaa soksi za sufu! Umeshakuwa Mzungu?"

"Nimezoea," akasema, akacheka, akabadilisha mazungumzo. Tukala. Akanisimulia wazee wake wa huko, mmoja anayemwita binti yangu, mwingine anayemficha dawa chini ya paka. Nikacheka mpaka nikapaliwa na mwiba. Nilikuwa nimefurahi kama mtoto.

Alasiri ikaadhiniwa. Akachukua kigoda, akaenda kwenye bomba la ukumbini kutawadha. Mimi nilikuwa nakusanya sahani. Akaosha viganja, akasukutua, akaosha uso na mikono mpaka viwikoni, akapaka maji kichwani. Akavua soksi ya kulia, akaosha mguu, kidole chake kidogo cha mkono kikipita baina ya vidole vya mguu, kimoja kimoja, kama tulivyofunzwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Kisha akavua ya kushoto. Ile ya kushoto mkono wake ulimaliza mapema.

Nikaweka sahani chini.

Kidole cha mwisho hakikuwepo. Na kinachofuata hakikuwepo. Palikuwa na ngozi laini, ya waridi, imekunjwa.

"Nini hiyo?" nikauliza.

Hakuinua uso. "Baridi," akasema.

"Baridi vipi? Baridi inakata vidole?"

"Inaua nyama, kaka. Ikishakufa inakatwa." Alisema kama anavyomwambia jamaa wa mgonjwa. "Ilikuwa mwezi wa tatu. Nilikuwa nakwenda kwa mzee mmoja mwenye kidonda, nyumba yake iko mbali, mashambani. Gari likateleza likaingia mtaroni. Nikashuka kulisukuma, theluji ikanifika magotini, ikaingia ndani ya viatu. Halikutoka. Nikarudi ndani kungoja msaada. Simu ilishika, wakaniambia wako njiani, lakini barabara zilikuwa zimefungwa. Nikangoja saa tatu."

"Injini ilizimika," nikasema. Nilikuwa naomba. "Betri ilikufa. Ile betri ya haibridi."

"Injini ilikuwa inawaka, kaka. Saa zote tatu. Haikuzimika hata dakika moja, na petroli ilikuwa tele." Maji yalikuwa yakichuruzika tu, hajayafunga. "Hita ndiyo ilikuwa inapuliza baridi. Nilikuwa nimeelekeza miguu kwenye matundu ya chini. Nilidhani nafanya la maana."

Nilikumbuka vidole vyake kwenye matundu ya hewa, Riyadh. Hewa ya mgonjwa. Wale wapangaji wawili wa kichwani mwangu wakasalimiana.

"Yule aliyekuja kunivuta alitia mkono ndani, akashangaa. Gari linanguruma na ndani ni friza, akasema. Wakalipeleka gereji. Fundi akafungua, akasema hita hupasha kwa maji ya injini na hapo maji hayapati moto kamwe, akauliza ni mpumbavu gani aliyetoa themostati."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia nililinunua hivyo hivyo."

Nikakaa chini, pale pale sakafuni, kwenye maji. "Mbona hukuirudisha? Yule kijana... si alijua? Hakukwambia?"

"Alinipigia mara mbili. Alisema atakuja Jumamosi airudishe, bure, hata saa moja haitachukua. Nikakataa." Hapo ndipo alipoinua uso akanitazama. "Nilikuwa nimekuahidi. Na mama alikuwa ameniambia, umepewa ruhusa, usimvunjie kaka yako heshima."

"Mama ajua?"

"Anajua nilikatwa. Hajui kwa nini, na usimwambie."

Nikakumbuka nilivyozunguka warsha nzima. Nikakumbuka mama alivyoguna kwenye simu, akijua mwanawe amekatwa vidole, na mimi nampigia kelele za ushindi. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka anitukane, aniambie yale niliyomwambia mimi Riyadh. Hakunitukana. Alikuwa bado na mguu wake mkononi.

"Na sasa nataka kununua jingine," akasema. "Siwezi kuchukuliwachukuliwa kila siku. Nimepata haibridi nyingine, ndogo, ya mama mmoja wa kazini. Wasemaje, kaka?"

Nilifikiri ananicheza shere. Nikamtazama vizuri. Hakuwa akicheka. Alikuwa akiuliza kwa sababu kwetu ndivyo inavyoulizwa, na alikuwa ananingoja, kama mjomba anavyoningoja na pikipiki yake, kama kila mtu anavyoningoja tangu baba alipofariki.

Nilikuwa na ya kusema. Yalinijia yote: betri, kifeni, matairi, rejeta. Nikayameza.

"Sijui," nikasema.

Bomba likazidi kuchuruzika.

"Mimi ya huko siyajui," nikasema tena. "Waulize wa huko."

Alitikisa kichwa polepole. Akaumwagia maji ule mguu kwa mara ya tatu, akaufuta kwa kiganja.

"Ungelisema neno hilo siku ile Riyadh," akasema, "leo ningekuwa na vidole kumi."

Kisha akafunga bomba, akaniomba taulo, nami nikaenda kumletea.